Java inasema 2147483647 si namba tasa: kosa liko wapi?

kipeo_cha_pili (Uyole, Mbeya)

Habari za jioni wakuu. Naandaa maswali ya namba tasa kwa klabu ya hisabati, kidato cha tatu na cha nne. Kila kitabu kinasema 2147483647 ni tasa. Programu yangu ya Java inakaa kimya sekunde kadhaa, kisha inajibu kuwa si tasa. Namba nyingine inazipatia vizuri: 1000003 tasa, 1000000007 tasa, 2047 si tasa. Kiini chake ni hiki (namba shufwa nimeshaziondoa juu):

```
for (int i = 3; i * i <= n; i += 2)
    if (n % i == 0) return false;
return true;
```

Maswali ni mawili. Kosa liko wapi? Na pili, wanafunzi hawana kompyuta, wana kalkuleta za dukani tu. Kuna njia ya kuwathibitishia kwa mkono kwamba namba hii haina kigawo, bila kupitia namba tasa zote mpaka 46340?

---

baki_sifuri (Iringa)

Kamwene mwalimu. Java haijakosea kugawanya. Kinachokuangusha ni `i * i`.

`int` ya Java ina biti 32, na namba kubwa kuliko zote inayoweza kubeba ni hiyohiyo 2147483647. Kipeuo chake cha pili ni 46340 na ushei. Sasa `i` ikifika 46341, ukiizidisha kwa yenyewe unapata 2147488281, ambayo imepita dari kwa 4634. Inafurika na kutokea upande wa hasi: −2147479015. Java inauliza, je, −2147479015 haizidi n? Haizidi, basi endelea. Na kwa kuwa n yako ndiyo dari yenyewe, hakuna thamani yoyote ya `i * i` ndani ya `int` itakayowahi kuizidi. Sharti lako ni kweli milele.

Kwa hiyo `i` inapanda hadi inakuwa 2147483647, `n % i` inatoa sifuri, na programu inarudisha `false`. Imegundua kwamba namba inagawanyika kwa yenyewe! Badala ya migawanyo 23,169 imefanya 1,073,741,823, ndiyo maana ya zile sekunde za kimya.

Kwa nini namba nyingine zinapita? Witiri ya mwisho ambayo mraba wake unaingia kwenye `int` ni 46339, na mraba huo ni 2147302921. Namba yoyote iliyo chini ya hapo, mzunguko unakatika kihalali. Kosa linaishi kwenye kipande kidogo cha mwisho tu, namba 180,727, na humo ndani ambazo mzunguko wake unapitiliza ni zile zilizo tasa, kwa sababu zisizo tasa zinanaswa na kigawo chao kidogo mapema. Ukijaribu kwa kubahatisha unaweza kukaa mwaka mzima usilione.

Dawa ni kugawanya badala ya kuzidisha:

`i <= n / i`

Kwa 46341 upande wa kulia unatoa 46340, sharti linakuwa si kweli, mzunguko unaisha. Ukipenda `long` (aina ya namba yenye biti 64), andika `(long) i * i`. Usiandike `long k = i * i;` ukadhani umepona: kuzidisha kunafanyika kwanza ndani ya `int`, kunafurika, halafu jibu bovu ndilo linahamishiwa kwenye `long`. Na wanaoandika C wasitegemee tabia hii niliyoeleza, kule kufurika kwa `int` hakuna kanuni inayosema kitatokea nini.

Pembeni kidogo: dari hiyohiyo ndiyo itakayozisumbua saa za mifumo ya zamani inayohesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa biti 32. Sekunde ya 2147483647 inaangukia Jumanne 19 Januari 2038, kwa saa zetu ni saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi.

Swali la pili nawaachia wenye chaki.

---

Mwl_Tukuyu

Kwa mkono inawezekana, na huhitaji namba tasa zote. Mwanahisabati Euler aliimaliza hii kazi, na mwaka 1772 akamwandikia mwenzake Bernoulli barua kumweleza. Njia ni kupunguza wagombea kabla hujagawanya chochote.

Namba yetu ni 2^31 − 1. Chukua kigawo chake tasa chochote, kiite q. Kama q inaigawa, basi 2^31 ukiigawa kwa q inabakiza 1. Sasa andika mabaki ya 2, 4, 8, 16 na kuendelea ukigawa kwa q. Yanazunguka, na urefu wa mzunguko lazima uigawe 31 kamili. 31 ni tasa, na urefu hauwezi kuwa 1, kwa hiyo ni 31. Fermat alishaonyesha kwamba 2^(q − 1) nayo inabakiza 1, basi 31 inaingia kamili ndani ya q − 1. Isitoshe q ni witiri, hivyo q − 1 ni shufwa. Kwa pamoja: q − 1 inagawanyika kwa 62.

Chujio la pili. 2^32 ni mara mbili ya 2^31, kwa hiyo kwa q inabakiza 2. Lakini 2^32 ni mraba wa 2^16. Yaani 2 ni baki la mraba (baki la namba iliyozidishwa kwa yenyewe), na hilo hutokea tu kwa namba tasa ambazo ukizigawa kwa 8 zinabakiza 1 au 7.

Unganisha machujio mawili: q ni lazima iwe 248m + 1 au 248m + 63. Basi. Mpaka 46340 aina ya kwanza ina namba 186, ya pili 187. Toa 63 yenyewe, hiyo inagawanyika kwa 3. Zinabaki 372. Mwalimu, 372 ni 12 mara 31, ukiwa na wanafunzi 31 kila mmoja anabeba 12.

Na bado wengi wanaanguka kwa jicho tu. Wagombea kumi na wawili wa kwanza, nimeirudisha 63 muone:

63, 249, 311, 497, 559, 745, 807, 993, 1055, 1241, 1303, 1489

63, 249, 807 na 993 zina 3 ndani. 745 na 1055 zina 5. 497 ni 7 × 71, 559 ni 13 × 43, 1241 ni 17 × 73. Wanaobaki kupimwa ni 311, 1303 na 1489. Ukipima asiye tasa kwa bahati mbaya hakuna ubaya, umepoteza muda tu.

Sasa kupima. Kalkuleta ya tarakimu 8 haiwezi hata kuandika 2147483647, kwa hiyo usigawe namba kubwa. Panda na mabaki ya 2^10, 2^20, 2^30, halafu 2^31. Mfano kwa 1489:

2^10 = 1024. Ni zaidi ya nusu ya 1489, kwa hiyo andika −465.
2^20: 465 × 465 = 216225, toa 1489 × 145 = 215905, baki 320.
2^30: −465 × 320 = −148800, ongeza 1489 × 100 = 148900, baki 100.
2^31: 200.
Toa 1: 199. Si sifuri, 1489 ametoka.

Kwa njia hiyohiyo 1303 anabakiza 226, na 311 anabakiza 35.

Kubadilisha baki kubwa kuwa hasi si pambo. Ukifanya hivyo namba unazozidisha hazizidi nusu ya mgombea, na mpaka mgombea wa 20000 kalkuleta ya tarakimu 8 inatosha. Kuanzia hapo wape wenye kalkuleta ya tarakimu 10 au 12. Mwanafunzi anayesahau alama ya hasi kwenye hatua ya 2^30 ndiye atakayekuletea kigawo kisichokuwepo, au atakayekipita kilichopo. Akikuambia amepata sifuri, mrudishe aanze upya kwenye 2^10.

Nakushauri usianze na 31. Anza na 2^29 − 1, yaani 536870911. Kwa hesabu hiyohiyo wagombea ni 58k + 1 wanaobakiza 1 au 7 kwa 8: wa kwanza 175, anaanguka kwa 5, wa pili 233. Jaribuni 233, inagawa kamili. Darasa likiona chujio limepiga mara moja, wataamini kimya cha 31.

---

njombe_baridi

Mbona mnajitesa wakuu. Fungua Python, andika `pow(2, n-1, n)`, yaani baki la 2^(n − 1) ukigawa kwa n. Ikitoa 1 namba ni tasa, mstari mmoja, kazi imeisha.

---

baki_sifuri (Iringa)

Mkuu Njombe, hapana. Kwa jamii hii ya namba hicho ndicho kipimo kibovu kuliko vyote, kwa sababu hakiwezi kamwe kusema hapana.

Chukua n = 2^p − 1, ambapo p ni tasa zaidi ya 2. Basi n − 1 ni 2^p − 2, na hiyo inagawanyika kwa p siku zote (Fermat tena). Kwa hiyo 2^(n − 1) ni 2^p iliyozidishwa kwa yenyewe mara kadhaa, na 2^p kwa n inabakiza 1. Jibu ni 1 hata n ikiwa na vigawo kumi. Jaribu 2047: `pow(2, 2046, 2047)` inatoa 1, na 2047 ni 23 × 89.

Badili 2 iwe 3, utapata `pow(3, 2046, 2047)` = 1013, uongo umefichuka. Lakini hata 3 ikitoa 1, hapo una dalili nzuri, ushahidi kamili bado.

Ukitaka ushahidi kamili wa 2147483647 kwa Python, tumia 7. Kwanza vunja n − 1:

2147483646 = 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331

Hakikisha `pow(7, n-1, n)` ni 1. Halafu kwa kila r kati ya 2, 3, 7, 11, 31, 151 na 331, hakikisha `pow(7, (n-1)//r, n)` si 1. Yakitimia yote nane, mabaki ya 7, 7^2, 7^3 na kuendelea hayajirudii mpaka hatua ya 2147483646. Yaani namba zote kuanzia 1 hadi n − 1 zimepitiwa, na hakuna hata moja inayoshiriki kigawo na n. Hilo ni tasa tu linaloliweza. Kumbuka alama mbili `//`. Ukiweka moja, Python inakupa namba ya desimali na `pow` inagoma.

Sifa hii ya 7 imetumika sana. Kanuni ya zamani ya kuzalisha namba za kubahatisha, anza na 1 kisha zidisha kwa 16807 na chukua baki la 2147483647, inatembea hivi: 16807, 282475249, 1622650073, 984943658... 16807 ni 7^5, na kwa kuwa 5 haimo kwenye ule mvunjo hapo juu, 7^5 nayo inapita namba zote 2147483646 kabla ya kurudi 1. Ungeweka 2 badala yake ungerudi 1 baada ya hatua 31 tu. Kwa siri za benki usiitumie, ukiona namba moja unazijua zote zinazofuata.

---

Mnyalu_Mafinga

Kuna njia ya tatu ambayo haihitaji kuvunja kitu, ya mwanahisabati Lucas (1876), baadaye ikanyooshwa na mwenzake Lehmer. Inafaa kwa 2^p − 1 peke yake. Anza na 4. Kila hatua: zidisha kwa yenyewe, toa 2, chukua baki. Baada ya hatua p − 2, ukikuta sifuri namba ni tasa. Ukikuta kingine chochote, si tasa. Haina "labda".

Kwa 127, yaani p = 7, hatua ni tano:

4 → 14 → 67 → 42 → 111 → 0

Uzuri ni kwamba huhitaji kugawa kwa 127. Gawa kwa 128, ambayo kwa kompyuta ni kusogeza biti 7, halafu jumlisha hisa na baki. 194 ni 128 mara 1 na 66, basi 66 + 1 = 67. 4487 ni 128 mara 35 na 7, basi 42. Hatua ya mwisho: 111 × 111 − 2 = 12319, ni 128 mara 96 na 31, jumla 127. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: 127 kwa 127 ni sifuri. Programu inayotumia kusogeza biti bila kuangalia hilo itasema 127 si tasa.

Makosa mengine ninayoyaona kwenye programu za watu:

Kupitiliza hatua moja. Ukipita sifuri unapata −2, na Java huacha baki likiwa hasi.

Kuipa p = 2. Hatua zinakuwa sifuri, unabaki na 4, kwa 3 inabakiza 1, programu inasema 3 si tasa. Ishughulikie 2 pembeni.

Kutumia `long` kwa p = 61. Kwa p = 31 mraba una biti 62, unaingia. Kwa 61 una biti 122, inafurika kama kule juu. Tumia `BigInteger`, aina ya namba ya Java isiyobanwa na biti 64.

Kwa 2147483647 hatua ni 29. Kuna kituo cha ukaguzi: hatua moja kabla ya mwisho, ya 28, lazima ukute 65536 au 2147418111, hakuna jibu la tatu. Sababu ni kwamba mraba wake ukitoa 2 ni sifuri, yaani mraba ni 2, na tumeshaona 2 ni mraba wa 2^16. Kwenye 127 angalia: 111 ni 127 − 16, na 16 ni 2^4. Nikikagua programu ya mtu naanza na hapo.

Njia hii ndiyo iliyothibitisha hata ile ya Oktoba 2024, 2^136279841 − 1, yenye tarakimu 41,024,320. Kilichobadilika ni namna ya kuzidisha namba kubwa, hatua ni zilezile.

---

kipeo_cha_pili (Uyole, Mbeya)

Shikamoo Mwl Tukuyu, asanteni wote. Nimebadili kuwa `i <= n / i`, jibu limetoka papo hapo: tasa. 233 nimeipanda kwa mabaki, imefika 1 kwenye 2^29 kama ulivyosema.

La mwisho. Nimeona 3 ni tasa, 2^3 − 1 = 7 tasa, 2^7 − 1 = 127 tasa, na 2^127 − 1 nayo tasa. Basi je, 2^2147483647 − 1? Mwanafunzi ataniuliza tu.

---

Mwl_Tukuyu

Marahaba. Mlolongo huo unadanganya. 8191 ni tasa, ni 2^13 − 1, lakini 2^8191 − 1 si tasa. Kipeo kuwa tasa ni lazima, lakini hakitoshi, hata kipeo chenyewe kikiwa cha jamii hii. Mersenne mwenyewe, ambaye namba za 2^p − 1 zinaitwa kwa jina lake, mwaka 1644 aliorodhesha 67 na 257 kuwa zinatoa tasa, zote mbili alikosea, na akaziacha 61, 89 na 107 ambazo zinatoa.

---

Mnyalu_Mafinga

Na hiyo ya 2147483647 jibu linajulikana: si tasa. Ina tarakimu zaidi ya milioni 646, lakini kigawo chake kimoja kinaingia kwenye mstari wa daftari: 295257526626031.

Chujio la Mwl Tukuyu linafanya kazi hata hapa. Kigawo lazima kiwe 1 zaidi ya kigawe cha 2 × 2147483647, na kweli 295257526626030 ni 4294967294 × 68745. Ukikigawa kwa 8 kinabakiza 7.

Kukithibitisha huhitaji kuiandika namba kubwa. Tunataka 2^2147483647 ibakize 1, ambayo ni sawa na 2^2147483648 kubakiza 2. Na 2147483648 ni 2^31, kwa hiyo anza na 2, zidisha kwa yenyewe mara 31, kila mara ukichukua baki la 295257526626031. Lazima urudi kwenye 2 uliyoanza nayo. Python: `pow(2, 2**31, 295257526626031)`. Kwa `long` ya Java usijaribu, mraba kabla ya kuchukua baki unaweza kufika tarakimu 29, na `long` inaishia 19.